Zoezi la Saba: Eleza Siku Yako

*Me despierto*, kaandika Bi Remedios ubaoni,
chaki ikilia kama panya darini,
nasi wanane, wahudumu wa hoteli na waongoza wageni,
juu ya duka la saruji, Langoni,
tukaitikia kwa Kiswahili cha kulazimisha:
najiamsha, najiinua, najiosha, najivika.

Kupi akaangua kicheko.
"Hawa watu kila kitu hujitendea?
Kwetu mtu huamka tu. Huoga tu.
Haulizwi nani kamwosha nani."

Kweli. Sisi *ji* twaiweka akiba
kwa yale yanayouma:
kujikaza, kujinyima, kujikwaa,
mama kujifungua,
mlango na mwenye kuufungua wakawa mmoja.
Hata kujifunza.
Nikautazama upya mkono wangu wenye kalamu.

Sentensi kumi, za kukabidhi Alhamisi.

*Me despierto.* Nikaifuta.
Mimi huamshwa: bakora yagonga ukuta mara mbili
kabla ya adhana.
*Me lavo.* Nikaifuta nayo.
Wa kwanza kupata maji ni baba.
Naketi ukingoni mwa birika, nateka kwa kata,
nammiminia bega la kulia,
upande uliolala tangu kiharusi cha Mfungo Tano.
"Mai baridi," asema.
Maneno mengine yalimtoroka; hili la Kiamu halikumtoroka.
Namfuta. Namchana ndevu. Namvika kanzu,
mkono mzito kwanza, kisha ule mwepesi.
Mimi nitanawa uso baadaye, nikikumbuka.

Bi Remedios husahihisha kwa wino wa kijani.
*Lo lavo. Lo peino. Lo visto.*
"Ukimtendea mwingine," akasema, "*me* inaondoka."
Ikaondoka, ukurasa mzima.
Nikajitafuta, nikajikuta mkiani mwa kitenzi,
kile ki-*o* kidogo,
kama mtu aliyeketi mwisho wa mkeka
ili wengine wapate nafasi.
*Me acuesto* aliiacha kama ilivyo.
Moja kwa kumi.

Sikumwambia kwamba mwanamume huyo
alishona kofia za vito miaka arubaini,
kila tundu dogo kuliko punje ya mtama,
wala hakuvaa miwani.
Sikumwambia kwamba sindano yake bado imechomwa
kwenye pazia, ina uzi,
na hakuna anayeichomoa.

Jumanne nilikuwa nimeinama, namvuta mkono wa kanzu,
mtandio ukaniteleza hadi mabegani.
Mkono wake wa kushoto ukanyanyuka,
polepole, kama unaomba ruhusa kwa mwenzake,
ukaurudisha mtandio juu ya nywele zangu,
ukaubana nyuma ya sikio
vile alivyokuwa akiubana
nikienda chuoni na juzuu kwapani.
Hakusema neno. Na mimi nikaendelea kuvuta.

*Nos vestimos*, niliandika usiku ule.
Sentensi ya kumi na moja, haikuombwa.

Bi Remedios akaizunguka duara la kijani.
"Ni sahihi. Lakini wakusudia ipi?
Kila mtu anajivika mwenyewe,
au mnavishana?
Kwetu *nos* ni hiyo hiyo moja."

Kwetu ni mbili, nilimwambia. Hatuzichanganyi.
Kisha nikanyamaza,
kwa sababu darasa zima lilikuwa linangoja,
na Kupi alikuwa na zamu saa kumi.

Leo bakora imegonga mara moja tu.
Nilipofika alikuwa ameketi kitandani,
kanzu imeingia kichwani, mikono bado,
kama mtu aliyekwama dirishani.
Akanitazama kupitia tundu la shingo.
Nikamsaidia mikono.

Kifungo cha shingo sikukigusa.
Kushoto kwake kulikuwa tayari kumekishika,
kunakitafutia tundu.
Chai ikapoa.
Nikaketi.